Droo Iliyoshusha Tumbo

Miaka ile ya sukari, watu wa kwetu walipanda miwa mpaka karibu waipande chini ya vitanda. Msinicheke, sitii chumvi. Ukisimama kwenye mlango wangu na kunyoosha mkono, ulishika jani la muwa, na ukiurudisha mkono kwa haraka lile jani lilikuchana. Miwa mbele, miwa nyuma, miwa ubavuni mpaka chooni, na kijia kimoja chembamba cha kutokea barabarani ambacho mvua ikinyesha kiligeuka tope tupu. Muwa ulikaa shambani mwaka mmoja na nusu na zaidi kabla ya kukatwa. Ukishapita paa la nyumba, basi, jirani humwoni tena, na ukimwita anakujibu kutoka upande ambao hukuutarajia.

Mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu, natoka Lumakanda, kwenye mashamba ya mahindi. Huko kwetu ukisimama mlangoni asubuhi ulijua nani ameenda mtoni, nani amegombana na mumewe, na ng'ombe wa nani ameingia shamba la nani. Hapa upande wa Mumias nikisimama mlangoni nilijua kitu kimoja tu, kwamba miwa ipo. Naamka, nafungua dirisha, naona kijani. Nafungua mlango, naona kijani. Nilianza kuota majani yananiingia puani. Nilimwambia mume wangu ninakosa pumzi, akanipeleka zahanati, wakanisikiliza kifua wakasema mapafu ni mazima. Haya, mapafu ni mazima, tukarudi nyumbani kwenye miwa.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke kabla sijaanza kumsema. Alifanya kazi kiwandani kwa zamu, akirudi na baiskeli yake huku ananuka molasi, na hakuwahi kuniinulia mkono. Lakini miwa ilikuwa imempanda kichwani kama ilivyowapanda wote. Kila boma lilitaka redio, lilitaka mabati, lilitaka makochi, na kipande cha ardhi ambacho hakina muwa kilionekana ni aibu. Mtu akiacha mahali pa kuanikia nguo tu, wanaume wenzake wanamuuliza siku hizi ana ugonjwa gani.

Halafu miwa yetu ikakatwa. Wakataji waliingia na mapanga asubuhi, na kufikia jioni nilikuwa naona nyumba ya jirani. Nyumba nzima! Kumbe mama yule alikuwa amepaka madirisha yake rangi ya buluu na mimi sina habari. Nilimwona mwenyewe amebeba ndoo, naye akaniona, akaiweka ndoo chini akanipungia mikono yote miwili. Nililia. Haki ya Mungu, nililia pale pale mlangoni nikiwa nimeshika mwiko, na obusuma yangu, ugali wa kwetu, ikaungulia jikoni, na mume wangu akaila hivyo hivyo bila kuuliza.

Nikajiambia, hapana. Miwa hairudi tena mpaka mlangoni. Nilitaka kipande kidogo tu, kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo, nipande mboga. Mboga unaona juu yake. Ukiinama kuichuma unaonekana, ukiinuka unaona watu. Na mbegu nilikuwa nazo. Mama yangu alinifungia kwenye kitambaa siku naondoka kwetu, kunde na saga na mrenda, akasema ninakokwenda nisile mboga za kuomba. Kwa majirani usingepata mbegu hata ungepiga magoti, kwa maana wote walikuwa wameng'oa bustani zao zamani, na kati ya mistari ya miwa hakuna aliyekuruhusu kupanda kitu.

Nilimwambia mume wangu. Akacheka.

"Mboga si zinauzwanga sokoni?"

Zinauzwa sokoni! Na anayezilima ni nani, kama soko lenyewe limezungukwa na miwa? Zilizokuja zilitoka mbali ndani ya magunia, zimesinyaa, ukizipika unakula harufu ya gunia. Nilimwambia hivyo hivyo, na sauti ikanipanda. Akasema trekta ikija italima mpaka ukutani kama mwaka ule mwingine, akapanda baiskeli, akaenda zake kazini.

Mama mkwe ndiye aliyenishauri niongee na baba mkwe, kwa sababu ardhi ilikuwa yake. Sasa, kuongea na baba mkwe kwetu hakukuwa jambo la kuamka na kufanya. Mke wa mwana hamshiki mkono baba mkwe, hamtazami usoni, hapiti karibu naye mlangoni, na yeye haingii katika nyumba anayolala mke wa mwanawe. Ni heshima. Mtu akiivunja, kondoo anachinjwa, na watu wanasema mpaka wachoke. Familia nyingine zilituma mtoto apeleke maneno. Sisi mtoto hatukuwa naye bado, kwa hiyo mzee alizoea kuongea na ukuta wangu. Anasimama nje, anageuza uso kando, anasema, "Ukuta, mwambie mama wa humu ndani ng'ombe amekata kamba." Nami najibu, "Ukuta, mwambie baba nimesikia."

Mwanzoni nilikuwa naziba mdomo kwa leso nisimcheke. Baadaye nikazoea, na baadaye zaidi nikampenda. Alikuwa seremala, mtu mpole wa sauti ya chini, asiyejua kufoka. Kusema kweli ukuta ule uliongeleshwa vizuri kuliko wake wengi wa kijiji kile.

Basi nikaueleza ukuta shida yangu yote, miwa, pumzi, kitambaa cha mama, kila kitu. Mzee akakohoa nje pale.

"Ukuta, mwambie mama hivi. Mbegu yake ikiwa udongoni kabla trekta haijaingia shamba letu, trekta itaizunguka. Lakini ikiwa bado, mimi sitakuwa na la kusema."

Hilo halikuwa neno la mchezo. Katika boma lile hakuna aliyepitisha jembe juu ya mbegu ambayo mwanamke wa nyumba ameshaifukia, hata mumewe hathubutu. Walisema nyumba itakosa watoto. Kwa hiyo nilichotakiwa kufanya kilikuwa kimoja tu, kuwahi. Nilikitifua kile kipande kwa jembe mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikang'oa visiki vya miwa kimoja kimoja, nikakaa kusubiri mvua.

Mvua ikaja, na asubuhi udongo ulikuwa umelowa sawasawa. Trekta nayo nikaisikia inanguruma kwa jirani mwenye madirisha ya buluu. Ikimaliza kwake, inakuja kwetu. Mume wangu alikuwa zamu ya asubuhi. Nikajifunga leso kiunoni, nikaimba hata wimbo, nikaingia chumbani kuchukua mbegu.

Mbegu zilikuwa katika kabati la droo tatu ambalo baba mkwe mwenyewe alitutengenezea tulipooana. Kabati zuri, mbao nzito, ila kitako cha kila droo kilikuwa cha plaiwudi. Droo ya katikati tuligawana. Upande mmoja niliweka kitambaa changu cha mbegu na vitu vyangu vidogo, na upande wa pili mume wangu akaanza kuweka mambo yake. Leo mnyororo wa baiskeli, kesho spana, keshokutwa maboliti aliyookota sijui wapi. Nilimwambia hiyo ni droo, si karakana. Akasema sawa, akaongeza nyundo.

Nikaivuta. Ikaja kidogo, ikakwama. Nikaivuta tena kwa mguu nimeuegemeza kwenye kabati. Wapi! Plaiwudi ilikuwa imelemewa, imeshusha tumbo, na tumbo limeng'ang'ania ubao wa chini yake. Kulikuwa na mwanya wa kupitisha mkono, nikapitisha. Nikapapasa, nikagusa fundo la kitambaa kwa ncha za vidole. Lile pale! Nikausukuma mkono zaidi, ukaingia mpaka juu ya kifundo, na ulipofika hapo ukakataa kwenda mbele na ukakataa kurudi.

Mtu akinaswa mkono na kabati lake mwenyewe, kwanza anacheka. Kisha anavuta. Kisha anatukana. Nililitukana lile kabati kwa Kiswahili, nikalitukana kwa lugha ya mama, nikatukana na mikono iliyolipiga randa, bila kukumbuka ni mikono ya nani. Mara nikasikia mtu anakohoa nje ya dirisha.

"Ukuta," akasema baba mkwe, "kuna nini humo?"

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Nilijigeuza kadiri mkono ulivyoniruhusu, nikalipa dirisha mgongo, ndivyo ilivyotakiwa.

"Ukuta, mwambie baba droo imenishika mkono. Na mbegu zangu zimo ndani. Na trekta inakuja."

"Mwambie asivute. Akivuta, mkono unavimba. Ausukume ndani kidogo, akunje kidole gumba kiganjani, halafu auzungushe polepole."

Nikasukuma, nikakunja, nikazungusha. Mkono ukatoka umechubuka, lakini ukatoka. Nikauliza ukuta panga liko wapi, nilipasue hili takataka.

"Asilipasue!" mzee akadakia. "Droo imelegea kitako tu. Kazi ndogo hiyo. Nitamwelekeza, atafungua sasa hivi."

"Na trekta, baba?" Nilikuwa nimesahau hata kuyapitisha maneno ukutani.

"Bado iko kwa jirani. Naiona kutoka hapa."

Sikugeuka kutazama. Ningegeukaje, na baba mkwe amesimama dirishani? Nilikuwa na ukuta mbele yangu na sauti yake mgongoni, na trekta ilikuwa inanguruma tangu alfajiri, mngurumo ambao sikuweza kujua unatoka wapi hasa.

Akaniambia niichomoe droo ya juu yote, niiweke kitandani. Ikatoka bila matata, na pale ilipokuwa pakabaki uwazi, nikachungulia ndani ya ile ya katikati kutoka juu. Eh! Vyuma vyote vya mume wangu vilikuwa vimeporomoka vikarundikana katikati, na plaiwudi imeinama chini yao mpaka imechomoka kwenye mfereji wake. Nikavitoa kimoja kimoja nikivitupa sakafuni kwa hasira. Na chini yao, kitambaa cha mama. Nikakinyakua, nikakifunga kwenye pindo la leso.

Hapo nilikuwa na mbegu mkononi. Mlango uko hatua chache tu, udongo umelowa, jembe limeegemea ukuta. Nikajikung'uta magoti nikasimama.

"Ukuta," mzee akasema, "mwambie mama asiondoke kwanza."

Nikasimama pale pale. Alikuwa amesogeza kigoda chake, nilisikia kikiburuzwa, na nilijua alipokaa. Nyumba yangu ilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulikuwa ubavuni mwa dirisha lile. Ningetoka, ningepita mbele ya magoti ya baba mkwe huku yeye anasema nami. Hata mtu asiye na adabu kabisa asingefanya hivyo. Nilisubiri amalize maneno yake aondoke, na yeye hakumaliza.

"Kitako kikiachwa hivyo, kitapasuka," alikuwa anasema. "Mwanangu akirudi akute kimepasuka, yatakuwa maneno. Wakati upo. Mwambie aichomoe droo, ailaze kifudifudi kitandani."

Nikaichomoa, nikailaza. Akasema misumari iko upande wa nyuma tu, kwingine kote plaiwudi imechomekwa kwenye mfereji. Nikasikia kitu kinawekwa kwenye ukingo wa dirisha, nikangoja asogee, nikarudi kinyumenyume na kunyoosha mkono nyuma nikakichukua. Koleo. Nikang'oa misumari. Mmoja ulikuwa na kutu ukakatika kichwa, akaniambia niuache, niugonge ulale. Nikaivuta plaiwudi ikatelezea nje. Ilikuwa imejikunja, ungeilaza mezani ingepepesuka.

"Sasa aigeuze," akasema. "Tumbo liangalie juu. Mzigo ukiingia, utalisukuma lirudi kuwa sawa."

Nilikiri moyoni kwamba hiyo ni akili. Hata nilianza kuifurahia kazi, ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa sijashika kazi ya mikono iliyokuwa na mwanzo na mwisho tangu niolewe. Kupika hakuna mwisho, kufua hakuna mwisho. Hapa nilikuwa nageuza ubao, nao unakaa. Baba mkwe alieleza taratibu, bila kunisimanga, na nilipokosea alisema, "Ukuta, mwambie mama hata mimi nilikosea hapo siku nyingi." Nilimwonea fahari. Nilijiambia nimebahatika, wenzangu wana wakwe wa kuwafokea.

"Trekta, baba?"

"Bado iko kwa jirani. Dereva ameshuka anakunywa maji."

Akaniwekea dirishani ubao mwembamba wa kupitisha katikati ya kitako kwa chini, ili plaiwudi isipate nafasi ya kuinama tena. Alikuwa ameukata kwa kipimo wakati mimi nang'oa misumari, msumeno nilikuwa nausikia. Kisha akaleta gundi. Gundi ya siku hizo ilikuwa ya kuchemsha, ya ngozi za ng'ombe, inanuka mpaka unashikwa na kichefuchefu, na ilikuwa motoni kwake tangu asubuhi kwa kazi ya viti. Nikapaka kwenye mfereji, nikapaka chini ya ule ubao, nikachomeka, nikagonga misumari.

"Sasa ndiyo sehemu kubwa," akasema. "Mwambie akandamize kwa mikono miwili, huku na huku, kwa nguvu zake zote, asiachilie mpaka nimwambie. Gundi ikisumbuliwa kabla haijashika, kazi yote imepotea."

Nikapiga magoti kando ya kitanda nikakandamiza.

Ndipo mngurumo ulipoanza kubadilika. Ulikuwa wa mbali, ukawa wa karibu. Sakafu ilianza kutetemeka chini ya magoti yangu, na spana za mume wangu zikawa zinalia zenyewe pale sakafuni nilipozitupa.

"Ukuta! Mwambie baba iko karibu!"

"Ni upepo unaleta sauti. Asiachilie."

"Baba, iko hapa!"

"Mwambie asiachilie. Gundi bado."

Vumbi halikuwepo, udongo ulikuwa umelowa, lakini harufu ya dizeli iliingia dirishani ikachanganyika na ile ya gundi. Nilitaka kugeuka. Nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni kutogeuka, na shingo yenyewe ilikataa. Mikono nayo ilikuwa imeshikilia ile droo kana kwamba ningeiachilia ingekufa. Niliambiwa na mtu mzima, mtu niliyempenda, nishikilie. Nikashikilia. Jasho lilinitiririka machoni na sikuwa na mkono wa kulipangusa. Nilikuwa naona ukuta tu, ule ule ambao alikuwa anausemesha, na nilijisikia nimefungwa kamba ingawa hakuna aliyenigusa. Niliogopa kweli kweli. Nje chuma kiligonga jiwe, mtu akapiga mluzi, na mngurumo ukapita ubavuni mwa nyumba yangu taratibu kabisa, ukaenda, ukageuka, ukarudi, ukaenda tena.

Baadaye ukawa unatokomea upande wa barabara.

"Ukuta," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "mwambie mama sasa anaweza kuachilia."

Nilisikia kigoda kinaondolewa. Nikatoka mbio, mbegu zikinigonga kiunoni. Mzee alikuwa ameshasogea mpaka kwenye kona ya nyumba, amenipa kisogo, kofia mkononi.

Matuta yalifika ukutani. Kipande changu hakikuwepo, kilikuwa kimepinduliwa pamoja na shamba lote, na huwezi kujua kilianzia wapi. Nguzo za kamba ya nguo zilikuwa zimeng'olewa, zikalazwa vizuri chini ya dirisha, na kamba imezungushwa imefungwa isichafuke. Mtu alikuwa amejali kamba yangu. Mama mkwe alikuwa ameshaingia kwenye mfereji wa kwanza na wanawake wa kibarua, wanalaza vipande vya miwa kichwa kwa mkia, na vingine vilikuwa karibu na mlango kiasi kwamba ningeweza kuvisukuma kwa mguu. Mama mkwe aliniona. Akainama haraka, akaendelea kulaza.

Walijua. Wote walijua, mpaka wale wa kibarua, unawaona tu wanavyokwepa macho.

"Ukuta," akasema baba mkwe pale konani, "mwambie mama mwanangu aliniomba. Alisema akikuta mboga hapa, itakuwa vita na mimi, vita na mkewe, kila siku. Na mimi nilikuwa nimeshatoa neno langu kwa mama. Nikafikiri, mama akiwa na kazi ya mikono, mbegu hazitawahi, na hakuna atakayegombana na mtu."

Nilimtazama. Ndiyo, nilimtazama mgongo wake wote, kola iliyochakaa, vumbi la mbao kwenye nywele nyeupe. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia kwamba mwanawe angenipigia kelele siku moja akanyamaza, lakini yeye amenifungia mlango kwa upole wake. Nilitaka kumuuliza, baba, ulikuwa unaiona inavyokuja, uliwezaje kusema ni upepo? Kisha nikaelewa aliwezaje. Uongo wote aliuambia ukuta. Mimi hakuniambia neno hata moja, na bila shaka usiku ule alilala usingizi wa mtu safi.

Lakini kila neno nililojua la kumwambia mkwe lilikuwa limeshakatwa kwa kipimo cha heshima kabla sijazaliwa, na hakuna hata moja lililotosha. Jirani wa madirisha ya buluu alikuwa amesimama kwake, ng'ambo ya matuta, mkono juu ya macho, ananitazama. Safari hii hakupunga.

Trekta ilikuwa imesimama kando ya barabara na dereva anakuja kwa miguu, anapangusa mikono kwa kitambaa kichafu, wanawake nao wananyoosha migongo. Baba mkwe akavaa kofia yake. Alingoja kidogo, labda alitegemea nitasema kitu, na niliponyamaza akakohoa.

"Ukuta, mwambie mama watu wa kazi hawajanywa chai."

Nikauliza wako wangapi.